Mwenyekiti Anatafuta Vijana

Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate. Maisha yake yote ya kazi aliamka alfajiri, akasambaza mikate madukani, akarudi mchana akinuka hamira. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walidai viinua mgongo. Yeye aliomba apewe vani aliyokuwa akiiendesha. Wakampa siku hiyo hiyo, tena kwa furaha, maana ilikuwa imechoka kuliko yeye.

Vani hiyo leo inaitwa Maporomoko. Ubavu mmoja umechorwa maji ya buluu yanayomwagika kutoka mlimani. Ubavu wa pili una farasi mweupe anayekimbia mawinguni, ila mchoraji hakuwahi kumwona farasi, na ukimtazama kwa utulivu utaona ni punda aliyetoka kuoga. Ndani kuna zulia, meza ndogo yenye maua ya plastiki, mapazia yenye kamba za dhahabu, taa za rangi zinazopokezana kuwaka, na dari ya mahameli nyekundu iliyojazwa sponji na kubanwa kwa vifungo. Dari niliishona mimi. Niliishona kwa cherehani ya miguu, na goti langu bovu, na katika vani zote za chama hakuna dari inayoifikia. Wanaobisha nawafahamu kwa sura.

Ndiyo, kuna chama. Msicheke kabla sijamaliza. Ni chama cha wazee wenye vani za mapambo, na mdogo wangu ndiye mwenyekiti. Hata mkewe humwita Mwenyekiti, sijui kwa heshima au kwa kuchoka. Kila Jumapili wanakutana kwenye uwanja ulio nyuma ya gereji, wanafungua milango ya vani zao, wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanazitazama. Kazi ni hiyo. Haendi mtu popote. Ukitaka kuchungulia ndani ya vani ya mwenzako unavua viatu, unaweka mikono nyuma kama mkaguzi wa gwaride, unasema "safi sana," unarudi kitini. Wifi yangu amepanda Maporomoko mara moja tu, siku alipokimbizwa hospitali na kijiwe cha figo, na alitandikiwa gazeti.

Vani zinatoka pamoja siku moja tu kwa mwaka, siku ya msafara. Zinazunguka mji mwendo wa kinyonga, honi zinalia, watu wanatoka madukani kushangaa. Siku hiyo mdogo wangu huvaa koti lenye vifungo vya shaba na kukaa nyuma ya usukani kidevu juu, na mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiitwa "wewe wa mikate" anapungiwa mikono na mji mzima. Nimemcheka kwa mengi, lakini uso wake wa siku ya msafara sijawahi kuucheka.

Sasa, kanuni za chama alizitunga yeye mwenyewe. Alizitunga enzi zile wenye pesa walipoanza kununua vani zilizokwishapambwa na kuja kujishaua nazo uwanjani. Alikasirika akaandika: mwanachama ni yule tu aliyepamba vani kwa mikono yake. Kwenye msafara vani inaendeshwa na mwanachama, hakuna mtoto wa mjomba wala dereva wa kukodi. Na vani itakayokosa msafara inatolewa chamani. Wenzake walimpigia makofi. Yeye akavimba kichwa mwaka mzima.

Basi mwaka huu macho yakamsaliti. Alikuja kwangu asubuhi, akasimama karibu na cherehani akipapasa ukingo wa meza.

"Dada, daktari kasema nina presha ya macho."

"Inatibika?"

"Inazuilika isizidi. Lakini usukani, basi. Kaniambia nikiendesha tena nitaua mtu."

"Na umekuja na nini hapa?"

Alikuja na Maporomoko. Nilitoka nje nikaona kaiegesha gurudumu moja juu ya ndoo yangu ya kufulia.

Hapo ndipo kanuni zake zilipomgeukia. Wenzake wote chamani wana vani zao za kuendesha siku ya msafara, na mtu hawezi kukaa kwenye sukani mbili. Asiye mwanachama haruhusiwi. Kwa hiyo kabla ya msafara ilibidi apatikane mwanachama mpya, mwenye leseni na macho mazima, la sivyo Maporomoko inatolewa, na Mwenyekiti anabaki mwenyekiti wa kiti cha kukunja.

"Badilisha kanuni," nikamwambia.

"Siwezi. Nilimfukuza mtu kwa kanuni hiyo hiyo."

"Basi kafukuzike na wewe."

"Dada, nimekuja unishauri, si unichambe."

Nikamwambia naweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Wazee wakaitisha kikao. Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nabadilisha kamba za pazia la Kinyozi. Huyu Kinyozi ndiye makamu wake, ana vani ya kijani yenye simba, na amekuwa akiutamani uenyekiti tangu akiwa na nywele zake mwenyewe. Ajenda ilikuwa moja: vijana wavutwe vipi kwenye vani.

"Vijana wanapenda muziki," akasema Kinyozi.

"Muziki gani?"

"Wowote. Kelele tu."

"Wangu wa nyumbani anapenda kulala," akasema mwingine, fundi saa, mtu asiyesikia vizuri. "Tuwawekee godoro?"

"Vijana wanataka kuheshimiwa," akasema mdogo wangu. "Tuwaite kwa heshima, waje wazione vani, roho zao zenyewe zitavutika. Sisi nani alituvuta?"

Miongoni mwa wale wazee sidhani kama kulikuwa na mmoja aliyewahi kuongea na kijana kwa miaka mingi bila kumtuma dukani.

Mwenyekiti akaandika tangazo kwa mkono wake. Alikataa nimsomee, alikataa mkewe amsomee, akaenda kulidurufu na kulibandika kwenye vituo vya basi, kwenye lango la chuo cha ufundi na kwenye kioo cha saluni ya Kinyozi. Lilisema hivi, nimelisoma mwenyewe taratibu: VIJANA WANAHITAJIKA. WASIOZIDI MIAKA THELATHINI, WENYE LESENI, WENYE BIDII NA NIDHAMU. WAFIKE UWANJA WA NYUMA YA GEREJI JUMAMOSI SAA TATU KAMILI. WATAKAOCHAGULIWA WATAAPISHWA.

Kuhusu vani, mapambo, Jumapili na viti vya kukunja hakuna neno.

Jumamosi nilifika mapema kuangalia kama dari yangu imepanguswa vumbi. Wazee walikuwa wamezipanga vani kwa nusu duara, wamezizungushia kamba, na kwenye kila mlango wameweka kibao cha "Vua viatu." Kufika saa mbili na nusu uwanja ulikuwa umeanza kujaa. Kufika saa tatu ulikuwa umefurika. Vijana wa kiume na wa kike, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata, viatu vinameta, na kila mmoja kabana kwapani bahasha ya kaki yenye vyeti. Walikuwa wamejipanga foleni wenyewe. Mmoja alikuja na mama yake.

Mimi nilielewa palepale. Nilimtafuta mdogo wangu nimwambie, nikamkuta kasimama kwenye kivuli cha Maporomoko, machozi yanamlengalenga.

"Unaona, dada? Umati wote huu. Na mlinicheka."

"Wewe, wale watoto wamekuja—"

"Nisikilize kwanza. Nilisema wataheshimu wakiheshimiwa. Tazama wanavyosimama."

Akaniacha na mdomo wazi, akapanda juu ya kreti ya soda, akahutubia. Alihutubia kuhusu rangi ya mafuta na rangi ya maji. Alihutubia kuhusu nta ya kung'arishia na namna ya kuipaka. Alieleza jinsi alivyoipata nikeli ya bampa. Vijana wakasikiliza bila kukohoa, wengine wakiandika, maana anayetafuta kazi husikiliza chochote. Kisha akawaalika wakakague vani, safu kwa safu, wakavua viatu, wakaweka bahasha kwapani na mikono nyuma, wakachungulia dari yangu na kusema "safi sana." Fundi saa akanong'ona kwamba hajawahi kuona kizazi chenye adabu kama hiki.

Mwishoni Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Kijana mmoja mrefu akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Samahani, mshahara unaanzia ngapi?"

Mdogo wangu akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya ndege. "Mshahara wa nani?"

"Wa sisi. Madereva."

"Hapana, mwanangu. Hapa hakuna mshahara. Hapa ni mapenzi. Wewe ndiye utakayetoa ada."

Yule mrefu akacheka, kicheko kikavu, akageuka kwa wenzake. "Jamani, tumeitwa kuja kuangalia mapazia."

"Nimepanda mabasi mawili," akasema msichana mmoja.

"Mimi nimeazima hili shati," akasema mwingine.

Yule mama aliyemsindikiza mwanawe akamwendea Mwenyekiti na kumwambia usoni, bila kupaza sauti, "Mzee mzima. Haya ni mambo gani." Halafu wakaondoka wote, kwa fujo, wakigombania viatu vilivyochanganyika kwenye milango ya vani. Kamba ikakatika. Mtu akamkwaruza simba wa Kinyozi kwa kona ya bahasha, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Mdogo wangu akabaki juu ya kreti ya soda. Mimi nikaenda kuokota kamba iliyokatika. Kuna aibu ambayo hata dada mkubwa anaiachia ipoe kwanza.

Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani ya Maporomoko.

"Kuna mtu kachukua viatu vyangu."

Alikuwa msichana mfupi, miguu mitupu, kakaa. Nasema kakaa, juu ya kochi la ndani, mahali ambapo hata wifi yangu alitandikiwa gazeti. Pembeni yake ameweka viatu vya kiume viwili, vyote vya mguu wa kulia. Na alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anaitazama dari.

"Binti, shuka," akasema Mwenyekiti.

"Nitashukaje bila viatu, babu? Nje kuna misumari." Akanyoosha kidole juu. "Hizi taa nani kaziunga?"

"Mimi. Kwa mikono yangu."

"Inaonekana. Hunusi kitu?"

Mdogo wangu akanusa. "Hamira."

"Si hamira. Ni mpira wa waya unaoungua. Taa zote hizo umezitundika kwenye waya mmoja mwembamba, halafu ukaufunika kwa sponji. Siku moja utaiwasha, na hili gari litawaka kama kibiriti, na wewe ndani yake."

Kumbe alikuwa na cheti cha umeme kwenye bahasha yake, na leseni, na tangu amalize chuo hajapata kazi zaidi ya kubadilishia watu balbu. Wazee baadaye wakambandika jina la Soketi, na limemkaa. Nilimpa ndara zangu avae. Nilidhani ataondoka. Badala yake akauliza, "Hivi hili gari mnalitumia kwa kazi gani?"

Wazee wakatazamana.

"Tunaliangalia," akasema fundi saa.

Soketi akaliangalia pia, akasema, "Mimi nina ngazi, nina vifaa, nina wateja upande wa pili wa mji, na sina pa kuvibeba. Ninyi mna gari na hamna dereva."

Nadhani kila mtu uwanjani aliona mambo yanakokwenda, isipokuwa mdogo wangu, na si kwa sababu ya macho. Ilibidi nimvute pembeni.

"Mwenye leseni huyo. Macho anayo, mpaka anaona waya ndani ya sponji."

"Hajapamba vani. Kanuni inasema kwa mikono yake."

"Mpe sehemu ya Maporomoko aipambe."

"Maporomoko imekamilika. Hakuna pa kuongeza hata kifungo."

"Basi pa kupunguza."

Kinyozi alikuwa ametega sikio, akadakia kwamba kwa mujibu wa kanuni lazima iwe sehemu kubwa, inayoonekana, si kurekebisha waya kimyakimya. Alisema vile ili ishindikane. Uenyekiti alikuwa ameshauonja ulimini.

"Sehemu kubwa inayoonekana ipo," akasema Soketi. "Dari. Waya zinapita huko. Nikiitoa, sitairudisha hiyo. Ni nzito, inashika joto, na inakaa kichwani kwa mtu kama kitanda cha marehemu. Nitaweka ubao mwepesi na taa ndogo za maana."

Kitanda cha marehemu.

Mpaka hapo nilikuwa upande wa yule mtoto. Nilikuwa nimeshamvisha ndara zangu. Sasa nikaona ana kidomodomo, hana adabu, ana umbo baya la kichwa. Nikamwambia mahameli ile haipatikani tena. Nikamwambia vifungo vile nilivivika kitambaa kimoja kimoja. Nikamwambia akiwa na umri wangu ataelewa maana ya kazi ya mkono.

"Nimeona ni kazi ya mkono, bibi," akasema. "Mshono haujaachia hata mahali pamoja. Ndiyo maana moto ukianza hautapata pa kutokea."

Mdogo wangu alikuwa kati yetu. Alinigeukia, akanitazama na yale macho yake ya ukungu, na nilijua anataka nimruhusu. Mimi nikageuza uso nikatazama gereji. Sijui kutoa ruhusa za namna hiyo. Akasubiri. Mwishowe akashusha pumzi na kumwambia Soketi, "Itoe."

Hakuniomba. Mwanaume ambaye hajawahi kununua soksi bila kuniuliza. Nilikwenda nyumbani kwa miguu.

Siku ya kuitoa dari nilimkuta Soketi kashika mkasi, anataka kuikata vipande. Nikamnyang'anya. Nikapanda na goti langu, nikalala chali juu ya lile zulia, nikaifumua mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa kiwembe, ili itoke nzima. Kama kazi yangu inaondoka, itaondoka kwa heshima. Soketi aliishikilia kwa chini. Mahameli iliposhuka, tukaona waya nyuma yake: mweusi, umejikunja, na sponji imetobolewa na moto mahali pengi, mashimo ya kuingiza ngumi. Mdogo wangu akayapapasa kwa vidole, shimo hadi shimo. Mimi nilisema sponji ilikuwa mbovu. Nilisema muuzaji aliniibia. Bado nasema hivyo.

Soketi akaweka ubao wake mwepesi, akaupaka rangi ya maziwa, akautia taa ndogo. Naweza kusema nini. Unapoingia unaweza kusimama. Wazee wakaja wakavua viatu, wakaweka mikono nyuma, wakatazama juu muda mrefu, na mmoja baada ya mwingine wakasema "safi sana," wa mwisho akiwa Kinyozi, kwa shingo upande. Soketi akaapishwa. Kiapo ni kirefu mno na hakina maana.

Kilichobaki ni mkataba waliokubaliana: Soketi amwendeshee mdogo wangu Maporomoko siku ya msafara, na siku za kazi vani iwe ya Soketi. Ngazi ikafungwa juu ya Maporomoko. Ndoo za vifaa zikakaa juu ya zulia. Mdogo wangu alikuwa anaisikiliza ikiondoka asubuhi kama mzazi anayesikiliza mtoto akienda kwenye vita. Jioni alikuwa anaipapasa kutafuta mikwaruzo, akiikuta anakuja kunisimulia, nami namwambia mikate nayo ilikuwa inaikwaruza na hakulia.

Siku ya msafara Soketi alichelewa. Vani zote zilikuwa zimeshajipanga, honi zinajaribiwa, Mwenyekiti kavaa koti lake la vifungo vya shaba, kashika fimbo, jasho linamtoka. Kinyozi alikuwa anaangalia saa yake kwa furaha isiyojificha. Mara Maporomoko ikatokea kwenye kona, imejaa vumbi, maji ya buluu yamekuwa ya kahawia, na juu yake ngazi, kwa sababu mteja alikuwa amemganda.

"Haiingii," akasema Kinyozi. "Hiyo ni gari ya kazi. Kanuni inasema vani ya mapambo. Toa ngazi."

"Imefungwa kwa bolti," akasema Soketi kutoka dirishani. "Kuitoa ni nusu saa."

"Msafara unaondoka sasa."

Wote wakamgeukia mwenye kanuni. Mdogo wangu akaisogelea Maporomoko, akapanda kwenye tairi kwa taabu, akanyoosha mkono, akaishika ngazi, akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii," akasema, "ni pambo."

"Pambo la nini?" akauliza Kinyozi.

"La kupandia mlimani. Pale ubavuni kuna mlima. Mtu ataufikiaje?"

Fundi saa, ambaye hakusikia lolote, akapiga makofi, na wengine wakafuata. Kinyozi akaingia kwenye vani yake ya simba na kufunga mlango kwa nguvu, kitu ambacho pia kinakatazwa kwenye kanuni.

Mdogo wangu akapanda kiti cha abiria. Nilisimama kando ya barabara na wifi yangu tukawatazama wakipita, yeye kidevu juu, anapungia watu mkono upande ambao hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Punguza, kuna shimo mbele."

"Hilo ni gazeti, babu."

"Basi lizunguke gazeti."

Akalizunguka.